Anayekununulia mnadani Japani akuoneshe karatasi

Alhamisi, saa nne asubuhi kwa saa za Japani, Moshi ni saa kumi alfajiri na wengi wetu bado tumelala. Muda huo huko Noda, mkoa wa Chiba, nje kidogo ya jiji la Tokyo, mnada mkubwa wa magari wa kampuni ya USS unaanza. Magari yanayopita hapo kwa siku moja ni maelfu. Hakuna mnadi anayepaza sauti. Wanunuzi wamekaa kwa safu, mbele yao skrini, mkononi kitufe. Kila kikibonyezwa bei inapanda kwa yeni elfu kadhaa, na gari moja halimalizi hata nusu dakika kabla ya kupata mwenyewe. Noah itakayokuja kubeba abiria kati ya mjini na Kibosho, au IST ambayo mwalimu wa Mwika amekopa SACCOS kwa ajili yake, inaweza kuwa imeshanunuliwa kabla huku kwetu hapajapambazuka.

Moshi nayo inaijua Alhamisi kwa mnada. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuuza kahawa, chini ya Bodi ya Kahawa yenye makao yake makuu hapa mjini. Wanunuzi wenye leseni walikaa ukumbini na orodha ya mafungu mkononi, wakashindana kwa dola kwa kila kilo 50, na wengi wao hawakuwa wakijinunulia wenyewe. Walikuwa wametumwa na wachomaji kahawa wa Ulaya, Marekani na Japani.

Kwa hiyo sisi wa huku mlimani si wageni katika jambo hili la mtu kukaa mnadani kwa niaba ya mwenzake aliye mbali. Mjapani anamtuma mtu anunue kahawa yetu, nasi tunamtuma mtu atununulie magari yao. Tofauti ni kwamba Mjapani anapomtuma mtu wake, anadai kuona. Sisi tunatuma fedha na kusubiri meli. Hilo ndilo linalonisumbua kila Desemba, barabara ya Himo hadi Marangu Mtoni inapojaa magari ya watu wanaorudi nyumbani kula sikukuu, na gereji za mjini zinapojaa yale yaliyoshindwa kupanda.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Mtu wa kawaida haruhusiwi kununua katika minada ile. Wanaoruhusiwa ni wanachama, wafanyabiashara wenye kibali cha kuuza na kununua vitu vilivyotumika, waliosajiliwa na nyumba ya mnada. Ukiwa Moshi, au hata ukiwa Yokohama kwenyewe, huna budi kumpitia mwanachama. Ndivyo wanavyofanya pia watu wa nchi nyingine wanaokusanya vitu vya Kijapani: kamera za zamani, saa, stempu, wanasesere, mashine za kuvulia samaki. Wanaona kitu kwenye mnada wa mtandaoni wa Yahoo! Japan, ulioanza mwaka 1999, ambako wauzaji wengi hawapeleki mzigo nje ya nchi wala kujibu ujumbe usioandikwa kwa Kijapani. Basi wanamtumia wakala kama Buyee au ZenMarket awashindanie, apokee mzigo, aufungashe na kuusafirisha. Kwetu anayekusanya kamera ni nadra. Tunachokusanya ni magari, na gari moja tu linaweza kumeza akiba ya nyumba nzima.

Wakala wa namna hiyo anafanya kazi halali na ya manufaa, nami siandiki kumfukuzia wateja. Bila yeye tungebaki na bei za yadi za Dar es Salaam. Ninachodai ni kimoja: fedha ni ya mteja, gari ni la mteja, basi na karatasi ya mnada ni ya mteja. Wakala asiyetaka kuitoa hafai kutumwa.

Karatasi hiyo ni ipi? Kabla gari halijaingia mnadani, mkaguzi wa nyumba ya mnada, ambaye si muuzaji wala mnunuzi, analizunguka, anapiga magoti na kuchungulia chini, anafungua boneti, anajaribu milango, kisha anajaza ukurasa mmoja. Nimeshazishika nyingi kwenye gereji za Njoro na Pasua, zimekunjwa mara nne, zimepakwa grisi, wino wa kopi umefifia. Kwenye kona ya juu kuna daraja. Gari la 4.5 au 4 ni zuri, 3.5 lina alama za matumizi lakini ni la kutegemewa ukisoma maelezo. 3 na kushuka ujiandae kuingia gharama. Herufi R au RA maana yake gari liligongwa sehemu inayobeba mwili wake, likatengenezwa. Hali ya ndani, yaani viti, dari na dashibodi, hupewa herufi yake peke yake kuanzia A.

Chini kuna mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani, kila ubavu unaonekana kwa pamoja. Juu ya mchoro huo mkaguzi anaandika herufi ndogo na namba. A ni mkwaruzo, U ni palipobonyea, W ni pale bati liliponyooshwa na kupakwa rangi likabaki na mawimbi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati. Namba 1 ni kasoro ndogo na 3 ni kubwa. Ukiona XX kwenye mlango, ujue mlango huo si ule uliotoka nao kiwandani. Nyumba za minada zinatofautiana kidogo katika alama hizi, lakini ukizizoea za moja hupotei kwenye nyingine.

Mwaka nao umeandikwa kwa kalenda ya wafalme wao. H17 ni mwaka wa 17 wa enzi ya Heisei: jumlisha 1988, unapata 2005. Herufi R ikiwa kwenye nafasi ya mwaka ni Reiwa, enzi iliyoanza 2019, hapo unajumlisha 2018. Kisha angalia kilomita. Nyota au alama ya dola pembeni ya namba ile ni onyo kwamba kipimo kimebadilishwa, au mkaguzi hakiamini. Mahali pa mwisho ni maelezo ya mkono wa mkaguzi, mistari michache ya Kijapani, na mara nyingi ukweli mzito umelala hapo: injini ina mlio, gia inachelewa kuingia, sakafu ya buti imewahi kuchomelewa. Zamani ungeweza kusema huyajui maandishi yale. Leo simu ya kawaida ukiielekeza kamera inakusomea, si kwa ufasaha, lakini kiasi cha kutosha kukufanya uulize swali.

Nimesimulia kwa kirefu kwa sababu wengi walioagiza magari hawajawahi kuiona. Wameona picha. Na picha za gari lililooshwa, likapigwa jua la mchana kwenye yadi ya bandarini, hazina shida hata moja.

Mzee mmoja wa Uru, mstaafu, alichukua sehemu ya mafao yake akaagiza Noah ya magurudumu manne yanayovuta, ile ya AZR65, akikusudia kuifanyia biashara ya kubeba watu na ndizi kushuka sokoni. Wakala alimwambia ni daraja la 4. Gari likafika, likapanda kutoka Dar es Salaam bila tatizo, watoto wakalizunguka uani. Wiki chache baadaye lilianza kula matairi ya nyuma upande mmoja. Nilikuwepo gereji fundi alipolivua zulia la buti.

"Shikamoo mzee. Hebu sogea uone mwenyewe," alimwita.

"Marahaba. Kuna nini, mwanangu?"

"Hii ilishagongwa nyuma, mzee wangu. Unaona huu mshono? Kiwanda hakichomelei hivi."

Mzee aliinama akaupitisha kidole ule mshono, akanyamaza. Kijana wake ndiye aliyeanza kumfuata wakala amtumie karatasi ya mnada, na ilichukua muda mrefu na maneno mengi hadi ikapatikana. Ilikuwa imeandikwa R, waziwazi, juu kulia, na kwenye mchoro sehemu ya nyuma ilikuwa imejaa herufi. Mkaguzi wa Japani alikuwa ameshafanya kazi yake kwa uaminifu na gari lilinunuliwa kwa bei ya gari lililogongwa. Taarifa ilifika hadi kwa wakala ikakomea hapo. Sitamtaja wakala huyo. Shida ni mtindo, na mtindo huo una wafuasi wengi.

Upande wa pili wa mtindo huo ni fedha. Mawakala wengi wanakupa namba moja tu, gharama ya gari mpaka bandari ya Dar es Salaam, kila kitu ndani yake. Ndani ya namba hiyo kuna bei ya mnadani, ada ya nyumba ya mnada, usafiri kutoka mnadani hadi bandarini Japani, nauli ya meli, bima, ukaguzi na ujira wa wakala. Usafiri peke yake unatofautiana sana: gari lililonunuliwa Noda liko jirani na bandari ya Yokohama, la Hokkaido linavuka bahari kwanza. Ukipewa namba moja huwezi kujua kipi ni kipi.

Tuseme umempa wakala kikomo cha yeni 400,000 mnadani, ukakubali kumlipa ujira wake juu. Alhamisi ile wanunuzi hawakuwa na hamu, gari likashuka kwa yeni 310,000. Yeni 90,000 zilizobaki ni za nani? Kama yeye ni wakala wako, ni zako, hakuna mjadala. Lakini kama invoisi inasema tu jumla ileile uliyokubali, zimeshahama mfuko na wewe hutajua kamwe. Mbaya zaidi, mtu anayefaidika na tofauti hiyo hana sababu ya kukutafutia gari zuri. Atakutafutia lile la bei ya chini kabisa linaloweza kupigwa picha nzuri. Ndivyo R inavyogeuka kuwa 4.

Hapa pana jambo la kutenganisha, na wateja wengi hawalitenganishi. Kuna kampuni zinazonunua magari kwa fedha yao, zikayaweka yadi na kuyatangaza mtandaoni kwa bei yao. Hizo ni wauzaji. BE FORWARD, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 2004 na kujulikana mpaka vijijini kwetu, inafanya kazi hasa kwa namna hiyo. Muuzaji ana haki ya faida yake na halazimiki kukuambia alinunua kwa ngapi, ingawa bado anapaswa kukuambia gari likoje. Wakala ni mwingine kabisa. Huyu umemtuma wewe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka wakala amtolee hesabu aliyemtuma anapoidai, na inamzuia kujifanyia biashara yake ndani ya kazi aliyotumwa pasipo ridhaa. Tatizo letu ni watu wanaojiita wakala wanapoomba fedha na kujiita wauzaji wanapoulizwa hesabu. Mteja aulize mwanzoni kabisa, kwa maandishi: unaniuzia, au unaninunulia?

Watu wa Kilimanjaro wana kumbukumbu ya swali hili, na ni kumbukumbu ya uchungu. Chama cha wakulima wa kahawa wenyeji, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU. Lengo lilikuwa mkulima mdogo apate mtu wa kumuuzia kahawa yake kwa pamoja na wenzake, asinyonywe mlangoni. Hata hivyo mwaka 1937 wakulima walelewale waliwaka. Waliona wanalazimishwa kupitia chama, wanalipwa kidogo, na hawaoni kahawa yao iliuzwaje huko mbele. Palizuka ghasia, maghala ya kahawa yakashambuliwa, serikali ya kikoloni ikatumia nguvu. Wakulima wale hawakuwa wanapinga kuuziwa kahawa yao. Walikuwa wanadai kuoneshwa. Ushirika unaoaminika ni ule unaobandika bei, unaoandika uzito kwenye kitabu cha mkulima na kufanya malipo ya pili baada ya mnada.

Sasa mtazame Mjapani upande wa pili. Kahawa yetu ina jina kubwa kwake. Filamu ya Marekani ya mwaka 1952 iliyotokana na hadithi ya Hemingway kuhusu theluji ya Kilimanjaro ilipendwa sana Japani, na jina la mlima likashikamana na kahawa. Mpaka leo kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa huko zinasema kahawa itakayoitwa Kilimanjaro iwe arabika ya Tanzania, isiyo ya Bukoba, na ikichanganywa na nyingine iwe angalau 30% ya mchanganyiko. Ina maana hata kahawa ya Mbinga na Mbeya inanyweka Tokyo kwa jina la mlima wetu, jambo ambalo ningelipenda kuliandikia siku nyingine. Ninachotaka msomaji akione ni jinsi wanavyoinunua. Kahawa ikishakobolewa hupangwa kwa madaraja: AA, A, B, PB na yanayofuata. Kila fungu linatolewa sampuli. Waonjaji wanaikaanga, wanaisaga, wanaimiminia maji moto, wanaivuta kwa kijiko na kuitema, wanaandika. Mnunuzi wa Tokyo anapata alama za mwonjaji wake, na kwa mafungu ya bei kubwa anataka sampuli yenyewe imfikie kwanza. Wakala wake hapa Moshi hathubutu kumwambia tu "ni kahawa nzuri bosi, tuma hela". Angeulizwa fungu namba ngapi, daraja gani, limeonjwaje, limeshuka kwa dola ngapi.

Hayo maswali manne ndiyo nataka tuyaulize sisi. Namba ya gari mnadani, daraja, karatasi ya mkaguzi, bei liliyoshukia. Mjapani hatatushangaa, maana ni lugha yake mwenyewe.

Kuna magari ambayo suala hili linakuwa kali zaidi, nayo ni Land Cruiser za zamani. Mwaka 1951 gari la kwanza la ukoo huo, likiitwa bado Toyota BJ, lilipandishwa Mlima Fuji hadi kituo cha sita, na jina la Land Cruiser likaja mwaka 1954. Huku kwetu ndilo linalopeleka wapanda mlima mpaka lango la Londorossi mvua ikiwa imenyesha, na kampuni za utalii za Moshi na Arusha zinayafukuzia yale ya mfululizo wa 70. Lakini siku hizi hatushindani wenyewe kwa wenyewe tu. Marekani inaruhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 25 bila masharti ya viwango vya usalama wa magari mapya, hivyo wakusanyaji wa huko nao wanasubiri kila mwaka kundi jipya la magari ya Japani yaliyotimiza umri, wakiwatuma mawakala walewale kwenye minada ileile. Kwao ni kitu cha kutunza gereji na kuendesha Jumapili. Bei imepanda, na bei ikipanda udanganyifu nao unanoga.

Kwa gari la namna hiyo sehemu ya kwanza kusoma ni chini yake. Hokkaido, Niigata na mikoa ya theluji humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hiyo inakula chesisi taratibu huku rangi ya juu ikiendelea kung'aa. Picha za wakala hazipigwi uvunguni. Mkaguzi wa mnada alichungulia uvunguni akaandika S na C. Rafiki yangu mmoja dereva, aliyeendesha watalii miaka mingi, huwa anaanza kwa kuuliza gari lilisajiliwa mkoa gani Japani kabla hajauliza kilomita, na ana haki.

Najua watakachosema mawakala, maana nimeshawasikiliza. Wanasema mteja wa Kitanzania akioneshwa bei ya mnadani atagoma kulipa ujira, atasema mbona ulinunua kidogo hivi. Kuna ukweli: tumezoea kupigania bei ya mwisho na kudharau kazi ya mtu asiyebeba mzigo mgongoni. Mtu aliyeamka, akachambua magari mia, akaliacha zuri kwa sababu bei ilipita kikomo chako, amefanya kazi, na anastahili kulipwa kiwango kinachojulikana hata kama ni kikubwa. Mteja naye ajirekebishe. Ila dawa ya mteja mbishi ni mkataba unaotaja ujira waziwazi. Kumficha hesabu si dawa.

Wengine wanasema karatasi haina maana kwa sababu mamlaka ya mapato, TRA, na shirika la viwango, TBS, watalikagua gari. TRA ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, na unaweza kuufungua mtandaoni ukapata kodi yako kabla hujaagiza. Makadirio hayo yanatazama aina, mwaka na ukubwa wa injini, tena gari lililozidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, na likizidi 10 unakuwa mkubwa zaidi. Hakuna mahali wanapokuuliza kama gari liligongwa Nagoya. Gari la R na gari la 4.5 la mwaka mmoja yanaweza kudaiwa kodi ileile, kwa hiyo aliyenunua la R amepata hasara mara mbili: amelipa bei ya gari zima na kodi ya gari zima. TBS kazi yake ni kuona gari linafaa kuwa barabarani, na gari lililochomelewa vizuri linaweza kufaa. Kama lilikuwa na thamani ya fedha yako ni habari nyingine, na hiyo ni juu yako.

Ipo hati nyingine inayosaidia, nayo TRA wanaitaka kwa hiyo wakala hawezi kusema hana. Ni cheti cha Japani cha kulifutia gari usajili ili lisafirishwe nje. Humo kuna namba ya chesisi, mwezi na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima. Wajapani wanakagua gari jipya likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huo ni sababu kubwa inayowafanya waachane na magari ambayo kwetu bado ni mapya. Kilomita za kwenye cheti zikizidi zile za kwenye dashibodi, mtu amecheza na kipimo. Mambo ya dakika mbili haya, lakini ni wachache wanaoomba kuuona ukurasa ule. Wanamwachia wakala wa forodha, anautumia bandarini, unaishia kwenye faili.

Kwa serikali nina ombi moja. TRA iiongeze kwenye orodha ya nyaraka za gari lililotoka mnadani ile karatasi ya mkaguzi, na nakala yake iambatane na kadi ya gari. Haitagharimu kitu, kwa sababu karatasi zipo tayari. Nyumba za minada huzitoa kwa kila gari. Faida itamfikia hata mnunuzi wa tatu na wa nne, maana gari la Moshi huzunguka: linatoka kwa mwalimu, linakwenda kwa mfanyabiashara wa Kiboriloni, linaishia Rombo likibeba mahindi.

Ombi la pili ni kwa SACCOS na vyama vya msingi vya mkoa huu. Mnakopesha wanachama fedha za kuagiza magari, mkishika kadi kama dhamana, wakati hamjui dhamana hiyo ilipewa daraja gani siku ilipouzwa. Kataeni kutoa mkopo bila karatasi ya mnada. Mkienda mbele kidogo, kusanyeni maombi ya wanachama kumi, mtafute wakala mmoja, mwandikiane ujira unaojulikana kwa kila gari na sharti la kutoa hesabu. Mji huu una Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963. Watu wa kuandika mkataba wa namna hiyo hawakosekani. Babu zetu waliuza kahawa kwa pamoja walipogundua kuwa mmoja mmoja wanapunjwa. Kununua kwa pamoja ni hatua inayofuata.

Na wewe unayetaka gari lifike kabla ya Desemba, leo kabla hujatuma hata dola moja mwandikie wakala wako: naomba karatasi ya mnada yenyewe, siyo tafsiri yako, naomba invoisi ya nyumba ya mnada yenye bei liliyoshukia, naomba picha ya cheti cha kufutiwa usajili. Taja ujira wako tukubaliane. Akituma vyote, mlipe haki yake bila kumbania, na umwelekeze jirani yako kwake. Akianza kuzungusha maneno, usimtumie hela.